Nyumba ya Bamburi: jibu la mama

Mwanangu Salim,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Wauliza nyumba ya Bamburi, hapa Mombasa, uiuze, uhamishie mkopo wake benki nyingine, au uivumilie mpaka mambo yatengenee. Nilikuomba siku mbili. Hesabu nimezifanya nyuma ya bili ya maji, nawe wazijua hati zangu, basi nakuandikia hapa zisomeke.

Kodi ni 40,000 kwa mwezi. Usizidishe kwa 12, maana tangu uinunue haujapita mwaka bila nyumba ile kukaa tupu mwezi mzima. Zidisha kwa 11: 440,000. Ushuru wa kodi ya nyumba ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, nao hukatwa kwenye pesa yote iliyoingia, hata kama nusu yake ulimpa fundi wa bomba siku ile ile. Hizo ni 33,000. Mlinzi, taka na pampu ya jengo, 60,000. Rangi, mifereji na kile kitasa, tuseme 47,000. Mkononi zabaki 300,000.

Sasa deni. Wadaiwa milioni 4 kwa asilimia 15, yaani riba peke yake ni 600,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kila mwezi watoa 25,000 kwenye mshahara wako, na deni lenyewe hujaligusa. Yule mpangaji humpangishi tu, wamsaidia kulipa. (La riba nilikwambia siku ile ulipotia sahihi, na sirudii. Hata ungekwenda kwa benki ya Kiislamu mkanunua kwa ushirika, ukawa unalipunguza fungu lao kidogo kidogo, bado ungetakiwa kupiga hesabu hii hii.)

Kuhamisha mkopo najua kwa nini kwakuvutia. Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kukishusha Agosti, na kufikia Agosti 2025 kilikuwa 9.5. Benki yako ilipanda ngazi mbio, kushuka yapapasa ukuta. Hiyo nyingine yakuahidi asilimia 12.5. Haya, riba itakuwa 500,000, umeokoa laki moja. Lakini umeniambia mthamini, wakili wa kufuta rehani ya zamani na kuandika mpya, pamoja na ada zao, ni 180,000. Karibu miaka miwili yapita kabla hujarudisha gharama ya kuhama, na nyumba bado yakudai laki mbili kila mwaka. Wakikwambia watakunyooshea miaka 12 iliyobaki iwe 20 ili malipo ya mwezi yapungue, muulize huyo kijana wa benki jumla yake. Hataitaja mpaka uulize.

Najua utanirudishia Changamwe: "Mama, mbona wewe hukuuza?" Kweli sikuuza. Vyumba vile vinane baba yako alivijenga kwa kiinua mgongo cha bandarini, na wapangaji wetu wote walikuwa watu wa makontena: madereva, matanboi, makarani wa yadi. Reli mpya ilipoanza 2017 na mizigo ikaamriwa ipande treni hadi Nairobi, malori yakapungua na watu wakafungasha. Mwaka 2019 vyumba vitano vilikuwa na kufuli. Dalali alikuja hapa sebuleni, akanywa kahawa yangu, akanipa bei ya kunidharau.

Nilishusha kodi kutoka 5,000 hadi 3,500, nikangoja. Septemba 2022 Rais Ruto akaamuru shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, na pole pole kufuli zikatoka. Lakini usinisifu kwa subira, mwanangu. Niliweza kungoja kwa sababu sikudaiwa na mtu. Ningekuwa na benki nyuma yangu mwaka ule, yule dalali angeondoka na hati kwapani. Na kiwanja cha Mtwapa tulikiuza Februari 2008, nchi ikiwaka kwa fujo za uchaguzi, nacho hakikuwa na deni lolote. Kile hatukukiuza kwa hesabu, tulikiuza kwa hofu. Mpaka leo nikipita pale kwa matatu natazama upande wa pili.

Kwa hiyo langu ni hili: uza ya Bamburi, na usiuze kwa haraka. Milioni 7.8 ulizopewa si bei mbaya. Toa dalali na wakili, 314,000. Ushuru wa faida ni asilimia 15 siku hizi (kabla ya 2023 ulikuwa 5), lakini hukatwa kwenye faida, si kwenye bei. Ulinunua kwa milioni 6.5, ukalipa ushuru wa stempu 260,000 na wakili laki moja, na hayo yote yaondolewa pamoja na gharama za kuuza. Faida yabaki 626,000, ushuru kama 94,000. Ungekuwa umeishi humo mwenyewe miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, hata huo usingekuhusu. Ukishamaliza deni, wabaki na karibu milioni 3.4, na ile 25,000 ya mwezi yarudi kwa watoto wako.

Ukitaka uzitie Changamwe tujenge juu, tutazungumza. Kwanza lazima nijue shimo la choo litabeba watu wangapi, na maji yenyewe twanunua ya boza wiki mbili kwa mwezi.

Mpangaji mwambie mapema, asisikie kwa dalali. Ana mtoto shuleni, mpe mpaka muhula uishe.

Bila risiti, watu wa ushuru hawatakutolea hata shilingi, nami nakujua. Ile ya stempu uliniachia 2022 ndani ya bahasha ya kaki, iko kwenye sanduku la baba yako. Ya wakili siioni. Itafute huko kwako kabla ya Idi.

Mama yako