Baiskeli ya milimani jioni kusini mwa England: fuata mshale wa bluu

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyehamia kusini mwa England, anayetoka kazini saa kumi na moja jioni na anayeogopa magari, anaweza kupata mahali pa kuendesha baiskeli ya milimani bila kufukuzwa na mwenye shamba. Pako, tena pengi. Mimi na wenzangu watatu tunatoka kila Jumatano ya kiangazi, huu ni mwaka wa sita, kwa hiyo nakuandikia ninachokijua kwa miguu yangu.

Anza na alama za njia. Huku vijijini kuna vinjia vingi vinavyokatiza katikati ya mashamba ya watu, na kwa macho vyote vinafanana. Vingine ni vya waenda kwa miguu tu. Vingine ni njia za farasi, kwenye vibao utaona zimeandikwa "bridleway", na hizo ndizo zako: sheria ya mwaka 1968 iliruhusu baiskeli kupita humo, kwa sharti kwamba umpishe mwenye farasi na anayetembea. Kwenye nguzo, mshale wa njano ni wa miguu, wa bluu ni wa farasi. Ukiwa na ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, ya kipimo cha 1:25,000, zote mbili zimechorwa kwa vistari vya kijani vilivyokatikakatika, vistari virefu ndiyo njia ya farasi. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hili, nikarudishwa mara mbili, na walionirudisha walikuwa na haki.

Pa kuanzia nakushauri Hassocks, kwenye reli ya London na Brighton. Angalia ratiba mapema, maana saa za msongamano treni nyingi hazipokei baiskeli isiyokunjwa. Ukitoka kituoni unapitia kijiji cha Clayton, halafu unapanda mpaka kwenye vinu viwili vya upepo, Jack na Jill. Jill ni cheupe, cha mbao. Kilijengwa Brighton mwaka 1821, na mwaka 1852 kikahamishiwa huko juu. Nikifika pale nikihema, nawafikiria waliokivuta.

Kuanzia hapo unashika South Downs Way, njia ya kilomita 160 kutoka Winchester hadi Eastbourne, na karibu yote ni ya farasi. Elekea mashariki mpaka kilima cha Ditchling Beacon, chenye urefu wa mita 248. Kulia kwako bahari, kushoto mashamba yaliyolala chini kama mkeka. Mwezi wa sita jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo hata ukianza saa moja una muda wa kutosha. Mwanga wa saa mbili na nusu kule juu, nyasi zimegeuka rangi ya asali na kondoo wana vivuli virefu, ndio unaonirudisha kila wiki.

Sasa farasi. Jioni moja alitokea mama mmoja juu ya farasi wa kahawia, mahali njia imebanwa na vichaka. Aliyekuwa mbele yetu akainua mkono, sote tukafunga breki na kuweka miguu chini, nami nikamsalimia yule mama kwa sauti. Usinyamaze. Kinachomshtua farasi ni kitu kinachomjia kimyakimya, lakini akisikia sauti anatambua kuwa ni mtu. Masikio yake yalitugeukia, ngozi ya bega ikamcheza kama inafukuza nzi, akapumua kwa nguvu, kisha akapita. Ukimfikia farasi kwa nyuma, mwite aliyempanda kutoka mbali na usubiri akuruhusu kupita.

Mageti yana mpini mrefu wa kufungulia, umewekwa juu ili mtu aufikie bila kushuka kwenye farasi. Wa mwisho kupita ndiye anayefunga. Kondoo wakitoka, mwenye shamba atakesha akiwatafuta.

Ardhi ya milima hii ni chaki. Ikikauka ni tamu sana kuendeshea. Ikilowa inateleza kama sabuni, na ndani yake kuna mawe ya gumegume yanayochana tairi ubavuni. Mwenzetu mmoja alianguka kwenye mteremko mvua ikiwa imekatika nusu saa tu, akavunjika mtulinga. Bondeni hakukuwa na mtandao. Mmoja alibaki naye, akamfunika koti, mwingine akapanda kilima kutafuta mawimbi ya simu. Angekuwa peke yake, sitaki hata kufikiria. Kwa hiyo jioni usiende peke yako, hata ukiwa mzoefu.

Taa beba hata Juni, maana chini ya miti giza linawahi, na barabarani usiku sheria inataka nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kuanzia Septemba wenye mashamba wanapunguza nyua zao za miti ya miba, mfano wa michongoma ya kwetu, na vipande vinabaki njiani. Msimu huo nabeba tyubu mbili, na zimewahi kuisha zote jioni moja.

Jumatano hii kukiwa kukavu tutakuwa nje ya kituo cha Hassocks saa moja kasorobo. Njoo na kofia ngumu, taa na maji. Pampu tunayo.