Pua Iliyotogwa Juzi: Maswali Yenu

*Nilitogwa pua wiki tatu zilizopita. Kando ya kipini pameota kinundu. Rafiki yangu anasema ni keloidi na nipake dawa ya meno. Naogopa. (Msomaji, Kondele, Kisumu)*

Pole, dada. Usipake dawa ya meno, itaichoma ngozi ambayo tayari imeumia. Wiki 3 ni mapema mno kwa keloidi. Keloidi ni kovu ambalo hukua kwa miezi, huwa gumu, na hutambaa hadi likapita mipaka ya kidonda. Kinundu kidogo kilichokaa mdomoni mwa tundu mara nyingi ni ngozi iliyochokozwa: umelalia upande huo, taulo limenasa kipini, umekigusagusa, au kipini chenyewe kina nikeli. Lalia upande wa pili, badilisha foronya mara kwa mara, na uso ukaushe kwa tishu badala ya taulo. Kama kipini ni cha bei ya chini, rudi kwa aliyekutoga akuwekee cha titani au cha dhahabu ya karati 14 isiyo na nikeli. Usijibadilishie mwenyewe.

Hata hivyo, uliza nyumbani: kuna ndugu mwenye keloidi sikioni au kifuani? Sisi Waafrika tunazipata kuliko wazungu, nazo hufuata ukoo. Ukiambiwa ndiyo, muone daktari wa ngozi sasa, kinundu kikiwa bado kidogo.

*Nisafishe kwa spiriti? Na niliambiwa nizungushe kipini asubuhi na jioni kisishike. (Nakuru)*

Hapana, yote mawili. Spiriti, Dettol na haidrojeni peroksaidi huua pia ngozi changa inayojaribu kufunga jeraha. Kuzungusha nako huivuta ile ngozi na kuingiza vigaga ndani ya kidonda. Ushauri huu wa kuzungusha umeenea sana na unawaumiza wengi, ndiyo maana naukataa kwa sauti kubwa.

Nenda duka la dawa uombe maji ya chumvi ya hospitali, yale ya asilimia 0.9. Chumvi ya jikoni hapa Kenya imetiwa iodini, na ukichanganya kwa kukisia huzidi ukali. Nawa mikono kwa sabuni, lowesha kipande cha shashi safi, weka juu ya tundu dakika chache hadi vigaga vilainike, futa taratibu, kausha. Mara mbili kwa siku inatosha. Vumbi la bodaboda likikupata njiani, ongeza mara moja ufikapo nyumbani.

*Naweza kuogelea Dunga wikendi hii? Nina siku kumi tu tangu nitogwe. (Kisumu)*

Usiogelee. Maji ya ziwa yana vijidudu, na kidonda chako bado kiko wazi. Subiri kipone.

*Binti yangu wa kidato cha tatu anataka kutogwa likizo hii. Shule hairuhusu. Akikitoa kipini siku ya kufungua, si atakirudisha akifunga? (Mama, Kakamega)*

Mama, tundu jipya huweza kuziba kwa saa chache tu. Tundu la pua huchukua miezi 4 hadi 6 kupona, wakati mwingine hata mwaka, na hakuna likizo ya urefu huo. Kulizibua tena ni jeraha juu ya jeraha. Mwombe asubiri amalize kidato cha nne. Siku hiyo ikifika, nenda naye mwenyewe: sindano mpya ifunguliwe mbele yenu, na mkatae bunduki ya kutogea masikio. Hiyo huponda ngozi, na haiwezi kusafishwa kikamilifu.

*Nitajuaje kwamba tundu limeingia wadudu? Nikikitoa kipini, si litapona? (Nakuru)*

Ute mwepesi unaokauka kuwa kigaga ni wa kawaida. Kwa ngozi nyeusi, usingoje kuona wekundu. Sikiliza joto na maumivu. Pua ikizidi kuvimba na kupwita baada ya siku za mwanzo, ikitoa usaha wa manjano au kijani wenye harufu, au ukipata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kipini kiache puani. Ukikitoa, ngozi inaweza kujifunga juu na kuufungia usaha ndani. Daktari ndiye ataamua.