Mzee wetu alioa akiwa na miaka 71, na bado tunacheka

Mkuu, umesema baba yako ana miaka 68, ni mgane, sasa ametangaza anaoa na ndugu zako wamegawanyika. Unauliza kama kuna aliyepitia hili na ilikuwaje. Sisi tumepitia, hapa hapa Mwanza. Nakujibu kirefu kwa sababu naona vikao vyenu ni vya hofu tupu, na jambo hili lina vicheko ambavyo nisingependa vikupite.

Kwetu dalili ya kwanza ilikuwa dagaa. Nyumbani ni Pasiansi, na Mzee, mwalimu mstaafu, maisha yake yote alikuwa mtu wa sato. Dagaa alisema ni chakula cha kuku. Basi akaanza kurudi na dagaa kutoka soko la Mwaloni, Kirumba. Kwanza kisado, baadaye debe, mwisho akashuka kwenye bajaji na nusu gunia. Dada akapika mpaka akachoka, majirani wakagawiwa, na kuku wa mtaa mzima wakanenepa. Ukimuuliza, anasema ni mambo ya mifupa, umri umeenda.

Aliyegundua ni kitinda mimba wetu, anayeyajua mambo ya ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi hupumzika, sokoni mzigo unapungua. Akaona Mzee naye anafuata mwezi! Siku za giza anapiga pasi shati, anajipulizia manukato, anatoka asubuhi akiimba. Mbalamwezi ikiingia anakaa barazani amenuna, chai hataki, anagombana na redio. Kitinda mimba akatuambia, "Baba hafuati dagaa, anafuata muuza dagaa." Ndivyo ilivyokuwa. Mama mmoja mjane, Mkerewe, miaka sitini na kidogo, anauza kwa jumla pale Mwaloni. Baadaye alitusimulia kwamba alikuwa akimpandishia bei makusudi aone kama atakoma, na Mwalimu akawa analipa bila hata kuuliza.

Kaka yetu mkubwa ndiye aliyekuwa na wasiwasi, na ulikuwa na msingi: nyumba, pamoja na kiwanja cha Buhongwa alichokihangaikia marehemu mama. Hili lizungumzeni kabla ya posa. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kufunga ndoa peke yake hakubadilishi umiliki wa mali aliyokuja nayo kila mmoja. Ila nyumba wanayoishi mume na mke, mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mzee alituita wote, mchumba akiwepo, akataja kila kitu na anavyotaka kiende, wakili akaandika wosia. Mchumba naye akataja vyake: mitumbwi, taa za kuvulia, nyumba yake ya Nansio, akasema hivyo ni vya wanawe. Kaka akashusha pumzi. Jioni hiyo hiyo akajitolea kuongoza msafara wa posa.

Tukapanda meli kwenda Ukerewe, kama saa tatu majini, Mzee amevaa suti na koti la mvua juu yake. Upande wa bi harusi msemaji alikuwa mjomba wake, mtu mzima sana, macho yameshapungua nguvu. Akaanza maswali yale yale anayoulizwa kila anayekuja kuposa. Kijana wenu anafanya kazi gani? Kaka akajibu, amestaafu. Mjomba akashtuka: "Amefukuzwa?" Akaelezwa. Akauliza tena, kijana bado anakaa kwa wazazi wake? Analewa? Kaka, yule yule aliyekuwa hataki kusikia habari ya ndoa, akasimama akamtetea baba yake kwa sauti nzito: "Kijana wetu ametulia, hana makundi mabaya." Mzee ameinamisha kichwa kama kijana kweli. Wanawake ndani walicheka mpaka mmoja akaangusha sinia.

Parokiani nako hakukuwa na msamaha, mafundisho ya ndoa ni ya wote. Wakakaa benchi moja na vijana wa miaka ishirini na kitu. Katekista akawa anazungukia wachumba: mnatarajia watoto wangapi? Mzee akasimama, "Mimi nina watano, mwenzangu sita. Tunaomba wasiongezeke." Kwa vile ni mwalimu, alikariri ibada nzima ya ndoa, maswali na majibu. Siku ya harusi padre akaliacha lile swali la kuwapokea watoto, maana liturujia inaruhusu kuliacha kama maharusi ni wazee. Mzee akamnong'oneza, ila kipaza sauti kilikuwa karibu, kanisa zima likasikia: "Padre, umeruka moja." Padre alicheka hadi akavua miwani.

Lakini kinachosimuliwa zaidi kwetu ni habari ya mkwe. Mama mzazi wa Mama mdogo, yaani mke mpya wa Mzee, bado yupo, ana miaka themanini na kitu. Sisi ni Wasukuma, na Mzee amelelewa zamani, mkwe hukutani naye uso kwa uso wala huli mbele yake. Bibi akaja Mwanza kuangaliwa macho hospitali ya Bugando, akafikia nyumbani. Mzee wa miaka 71 akawa anaishi kama mtoro. Akisikia fimbo ya bibi inagonga sakafu, anatokea mlango wa jikoni. Chakula anapelekewa kwa jirani. Asubuhi moja walikutana ukumbini, akajifunika kanga iliyokuwa imeanikwa kwenye kiti, akasimama wima nayo. Bibi, ambaye haoni vizuri, akamsalimia kwa upole, "Hujambo mwanangu, mume wako yuko wapi?" Mama mdogo akakaa chini kabisa kwa kicheko.

Umeuliza mtamwitaje. Msilazimishane. Sisi tunamwita Mama mdogo, wajukuu wakaamua wenyewe kumwita Bibi Mwaloni. Picha ya marehemu mama iko sebuleni, na Mama mdogo ndiye aliyekataa ishushwe. Zungumzeni na huyo mama mapema kuhusu picha na vitu vya marehemu, maana hapo ndipo dada zako watakapoumia kuliko kwenye kiwanja. Kamati ya harusi iwe na watoto wa pande zote mbili. Wetu walianza kuelewana pale waliposhindana nani alete nini, wao samaki, sisi ng'ombe. Na kabla hamjapanga tarehe, taarifa ya kusudio la ndoa hutolewa angalau siku 21 kabla, na mgane ataulizwa cheti cha kifo cha mkewe. Kitafuteni sasa, msingoje wiki ya harusi.