Single malt ya elfu kumi: jibu kwa swali la wiki

Mhariri, mmeuliza: mtu aliyezoea wiski za kawaida, mwenye shilingi elfu kumi mkononi, anunue single malt gani hapa Nairobi, na je, chupa ya bei kubwa zaidi ina ladha ya kulingana na bei yake? Nitaanza na sehemu ya pili, maana ndiyo inayowatoa watu pesa mfukoni bure. Kwa maoni yangu, hapana. Wiski ikishafika miaka 10 au 12, kila elfu unayoongeza inalipia tarakimu ya umri na jina la kiwanda kuliko inavyolipia ladha. Vya kulipia ni viwili, pipa na nguvu ya kileo, na vyote huandikwa kwenye lebo kwa herufi ndogo ambazo wanunuzi wengi huziruka.

Kanuni za wiski ya Uskoti za 2009 ziko wazi. Single malt hutoka kiwanda kimoja, kwa kimea cha shayiri pekee, huchemshwa na kuvukizwa kwenye mitungi ya shaba, kisha hulala kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua 3. Haitiwi chupani ikiwa chini ya asilimia 40 ya kileo. Mapipa mengi ya kiwanda hicho huchanganywa pamoja, na umri unaoandikwa ni wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo. Kwa hiyo Monkey Shoulder, ambayo baa nyingi za Westlands na Kilimani humimina kana kwamba ni single malt, haimo humo. Hiyo ni mchanganyiko wa wiski za kimea za viwanda zaidi ya kimoja. Johnnie Walker Green Label ya miaka 15 nayo ni hivyo hivyo, ingawa hiyo naitetea: ina asilimia 43, ina Talisker na Caol Ila ndani, na inazipita single malt kadhaa za bei yake. Ununue tu ukijua unachonunua.

Kanuni hizo hizo huruhusu kuongeza maji na rangi ya karameli. Rangi basi si ushahidi wa kitu chochote. Chupa iliyoiva rangi ya chai ya rangi inaweza kuwa imekaa kwenye pipa lililochoka, kisha ikapigwa karameli ili chupa zote zifanane rafuni. Ukikutana na chupa iliyoletwa kutoka Ujerumani, soma lebo ya nyuma, kwa sababu huko sheria humlazimisha muuzaji kutaja rangi iliyoongezwa. Macallan na Bunnahabhain hawaongezi, na hujisifu kwa hilo.

Sasa umri. Wiski hupungua pipani kwa kuvukiza, na Uskoti hukadiriwa kuwa asilimia 2 kwa mwaka. Piga hesabu kwa pipa la lita 200. Baada ya miaka 12 hubaki lita 157 hivi. Baada ya miaka 18, lita 139. Upungufu kati ya hizo mbili ni kama asilimia 11, lakini nenda dukani ulinganishe ya miaka 12 na ya miaka 18 za kiwanda kimoja, utakuta bei imepanda maradufu au zaidi. Sehemu ya tofauti hiyo ni halali: mtaji umelala miaka sita zaidi, ghala linalipiwa, na mapipa yaliyofika umri huo ni machache. Iliyobaki ni heshima ya tarakimu. Tena muda mrefu hauna hakika ya kuleta utamu. Pipa jipya lenye nguvu likizidisha muda huachia wiski uchungu wa mti unaokausha ulimi, na pipa lililotumika mara tatu linaweza kukaa na wiski miaka 18 bila kuipa kitu cha maana.

Jina nalo lina bei yake. Novemba 2023, chupa ya Macallan ya 1926 iliuzwa Sotheby's, London, kwa zaidi ya pauni milioni 2.1. Habari kama hiyo haibadilishi hata tone la Macallan ya miaka 12 iliyo rafuni Nairobi, lakini bei yake inaubeba umaarufu huo. Ni wiski nzuri, yenye zabibu kavu na mdalasini. Kwa asilimia 40 na bei inayoombwa, mimi siipendekezi kwa mtu mwenye elfu kumi.

Kwenye nguvu ndiko hesabu inakomfaidi mnunuzi. Chupa ya ml 700 yenye asilimia 40 ina ml 280 za kileo halisi. Yenye asilimia 46 ina ml 322. Hiyo ya 46 ukiishusha mwenyewe kwa maji hadi 40, unapata ml 805, yaani toti tatu na nusu za ziada kwa kipimo cha ml 30. Kwa hiyo chupa ya shilingi 8,000 yenye asilimia 46 ni sawa na chupa ya takriban shilingi 6,950 yenye asilimia 40. Na asikwambie mtu kwamba ni ushuru unaopandisha bei ya zile kali. Tangu mwisho wa 2024, ushuru wa bidhaa kwa pombe kali hapa Kenya hutozwa kwa kileo halisi, shilingi 10 kwa kila sentilita. Ya asilimia 40 hulipiwa shilingi 280, ya 46 hulipiwa 322. Tofauti ni shilingi 42, hata ukiiongezea VAT ni pesa ya karanga.

Kuna sababu nyingine ya kuitafuta hiyo 46. Wiski ina chembe za mafuta zinazoganda ikipoa, nayo hugeuka ukungu. Kiwanda kinachouza kwa asilimia 40 huogopa mteja atadhani imeharibika, kwa hiyo huipoza hadi karibu nyuzi 0 na kuichuja. Ukungu hutoka, na uzito wa wiski mdomoni hupungua nao. Kwenye 46 na kwenda juu, chembe hizo hubaki zimeyeyuka, na wengi hawachuji hivyo. Ardbeg 10 ni asilimia 46. Bunnahabhain 12 ni 46.3. Talisker 10 ni 45.8, sijui nani aliipenda hiyo pointi nane, lakini inafanya kazi. Mimina moja ya hizi, tia maji matone machache, uishike glasi mbele ya taa: utaona nyuzi laini zikijipinda ndani kabla hazijatulia.

Ladha yenyewe ni rahisi kuipanga kwa mapipa. Mapipa yaliyokuwa na bourbon, wiski ya Marekani, ya lita 200 hivi, huleta vanila, asali, nazi na matunda mepesi. Glenmorangie Original ndiyo ya kujifunzia hapa: bourbon tupu, mitungi mirefu kuliko yote Uskoti, chungwa na pichi mdomoni. Ilikuwa ya miaka 10, na tangu 2024 ni ya miaka 12, kwa hiyo ukikuta zote mbili kwa bei moja unajua ya kuchukua. Glenfiddich 12 hulala kwenye mapipa ya bourbon na kidogo ya sheri, divai kali ya Hispania, na harufu yake ya tunda la pea haikosi. Inapatikana hadi kwenye supamaketi za mtaani, ni safi, haina kosa, wala haina la kukumbukwa sana. Singleton ya Dufftown ya miaka 12 ni laini zaidi na tamu zaidi, na mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kuliko zote zenye umri kwenye lebo. Kwa anayetoka kwenye Black Label, huo ni mlango mzuri wa kuingilia.

Mapipa ya sheri ya Hispania, makubwa hadi lita 500, huleta zabibu kavu, tende, karafuu, chokoleti chungu. GlenDronach 12, kwa asilimia 43, inatoa sheri nyingi kuliko Macallan ya umri huo kwa pesa pungufu. Haiko kila duka, itafute. Aberlour A'bunadh haina umri kwenye lebo lakini ina karibu asilimia 60, na hapo maji si hiari.

Halafu kuna moshi, na hapa wengi hununua wakajuta. Kimea kikikaushwa juu ya moto wa mboji, yaani udongo mkavu wa mimea iliyooza, harufu hushika nafaka na kusafiri hadi kwenye glasi. Aliyekulia kwenye mursik ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa ana nusu ya kazi tayari: ule uchachu wenye majivu uko jirani kabisa na wiski za Islay, kisiwa cha Uskoti kinachojulikana kwa moshi. Lakini Laphroaig 10 huongeza harufu ya bandeji na dawa ya kidonda, na si kila mtu anaitaka jioni. Viwanda hupima moshi kwa sehemu kwa milioni, Ardbeg ikitajwa kuwa 55, Laphroaig 40 hadi 45, Lagavulin 35 hivi. Vipimo hivyo ni vya kimea kabla ya kuchemshwa, na kiasi kikubwa hupotea njiani, kwa hiyo tarakimu ya juu haimaanishi moshi mara mbili ulimini. Talisker ina moshi wa kadiri, pilipili manga na chumvi, na ndiyo ninayompa mtu kabla ya kumpeleka Islay.

Kulinganisha kwa haki kunataka utaratibu. Watu wanne wakichanga chupa moja kila mmoja hupata ml 175. Wakichanga chupa nne wana akiba ya kulinganisha kwa miezi. Kwa kikao kimoja, tano zinatosha, ml 15 kila moja, na jumla yake ni toti mbili na nusu, kwa hiyo magari yabaki nyumbani, alcoblow haijui kwamba ulikuwa unaonja. Tumieni glasi za divai ndogo zenye mdomo mwembamba. Zile fupi pana za baa hutawanya harufu. Zioshwe kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, zikauke zenyewe, maana kitambaa cha jikoni huacha harufu ya kitunguu. Mmoja amimine akiwa peke yake na aziandike namba chini. Glasi moja kati ya hizo itiwe Black Label bila kutangazwa. Ikishika nafasi ya pili, na msishangae, mtakuwa mmejua jambo kuhusu bei.

Zipangwe kutoka nyepesi hadi nzito: Singleton, Glenfiddich au Glenmorangie, kisha ya sheri, kisha Talisker, Islay mwisho. Ukianza na Laphroaig, zote zinazofuata zitakuwa maji. Ziache zitulie dakika kumi. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, ili kileo kisikuchome pua. Funda la kwanza ni la kuzoesha ulimi, usilihukumu. La pili ndilo la kuandikia alama. Nyama choma na kachumbari yenye pilipili ije baadaye. Usiku wa Julai, chumba cha Nairobi kikiwa baridi, shika glasi kiganjani dakika mbili, la sivyo harufu hubaki imejifungia. Barafu huifunga zaidi.

Maji yawe ya chupa, yenye madini machache. Ya bomba yana klorini, na ya visima vingi vya jiji hili yana chumvichumvi na floridi. Kwa ml 15 za asilimia 46, nusu kijiko cha chai huishusha hadi 39 na nukta. Kwa toti nzima ya A'bunadh ya asilimia 60, vijiko viwili vidogo visivyojaa huifikisha 46. Ongeza kidogo kidogo. Hakuna anayeweza kuyatoa.

Ununuzi wenyewe: tazama kama kiwango cha wiski shingoni kinalingana na chupa za jirani, kifuniko hakizunguki ovyo, na stempu ya KRA haijabanduliwa na kubandikwa upya. Iskani kwa programu ya Soma Label ukiwa bado dukani, usingoje ufike nyumbani. Baani, omba imiminwe mbele yako. Chupa tupu za majina makubwa zina soko, kwa hiyo yako ikiisha ichane lebo kabla ya kuitupa. Ya lita 1 kutoka duka la uwanja wa ndege, zidisha bei yake kwa 0.7 kabla ya kuilinganisha na ya mjini, kisha uangalie umri, kwani nyingi za huko hazina.

Ihifadhi ikiwa imesimama, mbali na dirisha. Ikilala, kileo hula kizibo, nacho hukatikia shingoni siku unayofungua. Hapo chuja kwa karatasi ya kahawa, wiski haijaharibika. Ikibaki robo, ihamishe kwenye chupa ndogo ya kioo, kwani hewa hupunguza harufu yake.

Basi elfu kumi. Kama bei ya duka lako inaruhusu, Talisker 10. Kama moshi umekushinda hata kwa kunusa, Glenmorangie ya miaka 12, na chenji ibaki. Kama ni zawadi ya baba mkwe asiyesoma herufi ndogo, Glenfiddich 12 ndani ya boksi lake, hatalalamika.