Maswali na majibu: kupindisha picha kwa ramani ya msogeo

Maswali ya safari hii yote yanahusu feDisplacementMap, kichujio cha SVG (michoro ya wavuti inayoandikwa kwa msimbo) kinachosogeza pikseli za picha moja kwa kufuata rangi za picha nyingine, yaani ramani.

Ramani yangu ni kijivu kitupu, 128 kwa kila rangi, na scale, yaani nguvu ya msogeo, ni 50. Nilitarajia picha itulie, lakini yote imehama. Kwa nini?

Tazama kwanza imehamia wapi. Kivinjari husoma thamani ya rangi kati ya 0 na 1, hutoa 0.5, kisha huzidisha kwa scale. Jibu ndilo umbali wa kwenda kuchota pikseli ya kujaza mahali hapo. Thamani iliyozidi nusu huchota kutoka kulia, kwa hiyo jicho huona picha ikienda kushoto.

Kama imehama pikseli 25 kushoto na 25 juu, hukuandika xChannelSelector na yChannelSelector, sifa zinazochagua chaneli ya kusomwa: R (nyekundu), G (kijani), B (bluu) au A (uwazi). Zikikosekana, kivinjari husoma chaneli ya uwazi, A, ambayo kwenye ramani isiyo na uwazi ni 1 (hakuna uwazi) kila mahali. Weka R kwa mlalo na G kwa wima.

Kama imehama takriban pikseli 14 kulia na chini, tatizo ni rangi. Usipoelekeza vinginevyo, vichujio vya SVG huhesabu kwa linearRGB, mfumo wa rangi unaopima mwanga wenyewe badala ya namba za kawaida za picha (sRGB), na humo kijivu cha 128 hushuka hadi karibu 0.216. Andika color-interpolation-filters="sRGB" kwenye kichujio. Inaniuma kuona watu wakiiacha mbinu hii nzuri kwa sababu ya sifa moja tu iliyosahaulika. Ramani ni jedwali la namba, hata kama inafunguka kama picha, na namba hizo zisomwe zilivyo.

Lenzi niliyochora inatoa ngazi ngazi badala ya mkunjo laini. Scale ni 400.

Ramani ya biti 8 ina viwango 256 tu kwa kila chaneli. Kwa scale ya 400, kutoka kiwango kimoja hadi kingine ni zaidi ya pikseli moja na nusu, na ngazi hizo zinaonekana. Kagua ramani: kama rangi zake zinacheza kati ya 110 na 145 tu, zitanue zifike 0 hadi 255, kisha punguza scale kwa kiwango hichohicho. Mpindo utabaki uleule, ila laini.

Pia ihifadhi kama PNG. JPEG hubana picha kwa miraba ya pikseli 8 kwa 8, na mipaka ya miraba hiyo hugeuka makunyanzi kwenye picha yako.

Kingo za picha zinakatwa.

Eneo la kichujio huzidi picha kwa asilimia 10 tu kila upande. Msogeo mkubwa kabisa ni nusu ya scale, hivyo picha yenye upana wa pikseli 200 inaweza kukatwa scale ikipita 40. Panua eneo kwa x, y, width na height.

Mawimbi ya maji niliyotengeneza kwa feTurbulence, kichujio kinachozalisha ramani ya vurugu nasibu, yanakwamakwama kwenye simu.

Bila shaka unabadilisha baseFrequency, yaani wingi wa mawimbi, kila fremu. Hapo kivinjari hulazimika kukokotoa upya vurugu yote, pikseli kwa pikseli. Iache feTurbulence ilivyo, numOctaves (idadi ya tabaka za vurugu) iwe 1 au 2, kisha badilisha scale peke yake. Mawimbi yatavimba na kunywea kwa kazi ndogo zaidi. Na tafadhali heshimu prefers-reduced-motion, mpangilio wa mtumiaji anayeomba mwendo upunguzwe: wapo watu ambao mwendo wa namna hii huwatia kizunguzungu kweli.

Kitufe kilichopindishwa hakibonyezeki pale kinapoonekana.

Kichujio hubadilisha mchoro tu. Mguso bado unapimwa kwa umbo la awali, kwa hiyo kwenye vitufe tumia scale ndogo, au pindisha mandharinyuma na uyaache maandishi na vitufe vyenyewe.