Domeni iko kampuni moja, hosti iko nyingine: nibadilishe nini?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la vitenge Mwanza. Domeni yangu ya .co.tz niliinunua kwa kampuni ya hapa nchini, na barua pepe za ofisi ziko kwao, zinafanya kazi vizuri. Kijana aliyenitengenezea tovuti amelipia hosti kwa kampuni nyingine ya nje. Yeye anasema nibadilishe "nameservers". Mwingine ananiambia lazima nihamishe domeni yote. Nimsikilize nani? Naogopa barua za wateja zisije zikapotea.

Jibu: Salama, dada. Hofu yako ya barua pepe ina msingi, na ndiyo itakayotuongoza hapa.

La kuhamisha domeni tulimalize haraka: huhitaji. Kuhamisha ni kubadili kampuni unayoilipa ada ya jina lako kila mwaka, na hilo halihusiani na mahali tovuti inapokaa. Domeni inaweza kuwa kwa msajili (kampuni inayouza majina) wa Dar es Salaam, tovuti kwenye seva ya Ujerumani, na barua pepe kwa kampuni ya tatu. Vyote vinaunganishwa na DNS, mfumo ambao tangu ulipobuniwa mwaka 1983 kazi yake ni hiyo: mtu anaandika jina, kompyuta inapewa anwani ya namba.

Hizo "nameservers", yaani seva za majina, ndizo zinazotunza daftari la domeni yako. Ndani yake rekodi ya A inataja anwani ya IP ya tovuti, rekodi ya MX inataja seva ya kupokea barua pepe, na rekodi za TXT zina mambo kama SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Ukibadilisha seva za majina unaacha daftari lote na kufungua jipya kwa kampuni ya hosti. Katika daftari jipya, mara nyingi MX inakuwa imeshaandikwa na hosti ikielekeza barua kwake yenyewe. Mteja akituma oda, barua inafika kwenye seva isiyo na sanduku lako na kurudishwa. Au kijana alishafungua sanduku la majaribio lenye jina lile lile, na barua zinaingia humo kimya kimya bila mtu wa kuzisoma. Hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu hakuna anayepata taarifa ya kosa.

Kwa hiyo ushauri wangu: seva za majina ziache zilivyo, badilisha rekodi ya A peke yake.

Kabla hujagusa DNS, kijana aingie kwenye akaunti ya hosti aiongeze domeni yako humo. Kwenye cPanel, paneli inayotumiwa na hosti nyingi, ni sehemu ya "Domains". Hatua hii husahaulika sana. Seva moja ya hosti ya pamoja hubeba tovuti nyingi kwenye anwani moja ya IP. Kivinjari kikifika kinataja jina kinalolitaka, na seva inafungua folda ya jina hilo. Kama jina lako halimo, DNS itakuwa sahihi kabisa na bado utaona ukurasa wa kampuni ya hosti au kosa la 404. Akishaiongeza, akupe anwani ya IP ya akaunti hiyo.

Sasa ingia kwa msajili wako, ufungue sehemu ya "DNS Management" au "Zone Editor". Piga picha ya skrini ya rekodi zote kabla ya kubadilisha hata moja. Halafu itazame MX kwa makini, kwa sababu hapa ndipo hata mafundi wazoefu hukwama. Kwenye seva nyingi za cPanel, MX haielekezi kwenye jina maalumu la barua. Inaelekeza kwenye domeni yenyewe, hivi:

jinalako.co.tz  MX  0  jinalako.co.tz

Maana yake barua zinafuata rekodi ile ile ya A unayotaka kuibadilisha. Ukiipeleka tovuti, na barua zimekwenda nayo, ingawa MX hukuigusa. Ukikuta hivyo, anza kwa kuzitenganisha. Andika pembeni anwani ya IP ya zamani. Weka rekodi ya A kwa jina "mail" yenye anwani hiyo ya zamani. Kama "mail" ipo tayari kama CNAME, yaani rekodi inayolielekeza jina kwenye jina jingine, ifute kwanza, maana MX haitakiwi kuelekezwa kwenye CNAME. Kisha MX iandike mail.jinalako.co.tz. Tuma barua ya majaribio kutoka Gmail, na uendelee ikishafika.

Hapo ndipo unabadilisha rekodi ya A ya domeni, ile inayoandikwa @ au jina lenyewe, uweke anwani mpya, mfano 203.0.113.25. Namba hii imetengwa kwa ajili ya mifano tu, usiinakili. Rekodi ya "www" iwe CNAME inayoelekea domeni yako. Ukiona rekodi ya AAAA ya zamani (ni kama A, ila kwa anwani za IP za aina mpya, IPv6) na hosti mpya haikukupa anwani ya IPv6, ifute, la sivyo baadhi ya wateja wataendelea kupelekwa seva ya zamani. Simu na kompyuta za ofisi zinazosoma barua zikague pia: palipoandikwa domeni tupu kama seva ya barua, paandikwe mail.jinalako.co.tz. Na kama huwa unasoma barua kwa kuandika domeni yako na /webmail, mwombe msajili njia nyingine ya kuingilia, maana hiyo sasa itakupeleka hosti mpya.

Kuna jambo moja upande wa hosti mpya. Fomu ya oda kwenye tovuti ikituma barua kwa anwani yako ya mauzo, seva hiyo inaweza kudhani sanduku liko kwake, isiitoe nje. Kijana afungue "Email Routing" achague "Remote Mail Exchanger".

Utaambiwa usubiri saa 24 hadi 48. Kwa seva za majina muda huo una asili yake. Rekodi za seva za majina za domeni za .com, kwa mfano, huruhusiwa kukaa kwenye kumbukumbu za mitandao kwa sekunde 172800, ambazo ni saa 48. Rekodi ya A inafuata TTL yake yenyewe, yaani idadi ya sekunde inazoruhusiwa kukaa kwenye kumbukumbu hizo. TTL ya 14400 ni saa nne. Ishushe iwe 300 siku moja kabla, na mabadiliko yataonekana kwa watu wengi ndani ya dakika chache. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

nslookup jinalako.co.tz 8.8.8.8

Ikirudisha anwani mpya na bado unaona tovuti ya zamani, tatizo ni kumbukumbu ya kompyuta au mtandao wako. Jaribu kwa data ya simu.

Cheti cha SSL, kinachoipa tovuti https, kisubiri mpaka domeni iwe imeshaelekea hosti mpya. Njia ya kawaida ya Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, ni kuifuata domeni na kuangalia kama seva inayoomba cheti ndiyo inayojibu, hivyo ukiomba mapema utakataliwa.

Kazi ya kijana iko kwenye hosti; nenosiri la akaunti ya domeni baki nalo mwenyewe. Na kama MX yako inasomeka tofauti na mfano nilioutoa, nitumie picha ile ya skrini kabla hujabadilisha chochote.