Jogoo anayerukia watu uani
Jogoo wako aliyeanza kumrukia kila aingiaye uani akiwa na miezi 7 hana wazimu: katika umri huo homoni za kiume hupanda, naye humwona mtu anayepita karibu na mitetea, hasa anayemkamata mmoja wao mbele yake, kuwa mpinzani. Usimpige teke wala usikimbie, kwa kuwa teke hulipokea kama mwaliko wa kupigana na kukimbia kama ushindi wake. Vaa buti, simama wima, kisha endelea na kazi yako polepole. Watoto wadogo wasiingie humo peke yao kabisa, maana kipi chake, yaani ule mwiba mgumu wa mguuni, kinaweza kupasua jicho. Asipobadilika, mchinje bila kumzalisha, kwani ukali kwa kiasi fulani hurithiwa.